Macho ya Mwanagenzi

Kazi ya uashi niliianza Unguja, katika Mji Mkongwe, katika miaka ya 1990, wakati ambapo majumba mengi ya mawe yaliyojengwa na mabwana wa karne iliyotangulia yalikuwa yamekwisha kuchoka, mengine yamekaliwa na watu kupita idadi ya vyumba vyake, na mengine yameanguka na kuacha viwanja vitupu vilivyoota mipapai. Na mwanzo wangu, kama ulivyokuwa mwanzo wa kila kijana aliyeingia kazi hii bila ya shule wala cheti, ulikuwa wa saidia fundi, yaani mtu wa kuchota maji, kuchekecha mchanga, kukoroga chokaa na kupandisha karai juu ya jukwaa la mirunda iliyofungwa kwa kamba, asiyeulizwa neno wala kutazamiwa kuwa na jawabu.

Mzee aliyenipokea, fundi wa chokaa aliyerithi kazi kwa baba yake, hakuwa msemaji. Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, hakunionyesha chombo cha kuanzia kazi; alikuwa akinisimamisha mbele ya ukuta, mwenyewe akitafuna tambuu yake taratibu, na baada ya kitambo akiniuliza, «Haya, bwana mdogo, umeona nini?» Nami siku za awali nilijibu kwa adabu kwamba nimeona ukuta, jawabu ambalo halikuwa la uongo wala halikuwa na faida, naye alikuwa akitikisa kichwa, akienda zake kutafuta mwiko wake, akiniacha nimesimama palepale. Muda mwingi ulipita kabla sijafahamu kwamba swali lile halikuwa salamu ya asubuhi wala mzaha wa mkubwa kwa mdogo, na kwamba siku nitakapoweza kulijibu ndiyo siku atakayonipa mwiko.

Kwa hakika palikuwa na mengi ya kuonwa. Ufa wa zamani kingo zake zimelegea na ndani yake mmejaa vumbi na utando wa buibui, na ufa wa jana kingo zake ni kali na weupe wa chokaa ungali mbichi. Wa kwanza aghalabu umekwisha kutulia tangu enzi za watu waliokufa, na wa pili ni onyo. Kiraka cha saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe, ambacho mpita njia hukihesabu kuwa ni matengenezo, kwa fundi ni dalili ya maradhi, kwa sababu saruji huuzuia unyevu ambao chokaa ingeuachilia utoke, na unyevu uliofungiwa humo huula ukuta kwa ndani. Boriti za mikoko, ambazo urefu wake wa karibu mita 3 ndio uliopanga upana wa vyumba vya majumba ya mwambao wetu, haziozi katikati, mahali pa kuonekana na kila mtu, bali huoza kichwani, pale zilipoingia ukutani na maji ya mvua yakazifuata. Basi dari yaweza kuwa nzuri ya kupendeza, imepakwa rangi na kutundikwa taa, na kumbe imeegemea unga mtupu. Mzee alikuwa akizigonga kwa kitako cha nyundo, moja baada ya moja, karibu kabisa na ukuta, ametega sikio. Na kabla hajaingia chumba chochote, hata chumba alichoingia jana na juzi, alisimama kizingitini akatazama juu.

Majaaliwa yalinipeleka Kanada, katika jimbo la Ontario, nikiwa na mikono inayojua kazi na mkoba usio na karatasi ya kuishuhudia. Uanagenzi wa huko una daftari na sheria: mwanagenzi huandikishwa rasmi, saa zake za kazi huhesabiwa, huitwa darasani kwa vipindi, na mwisho hukabiliwa na mtihani; fundi wa umeme, kwa mfano, hutakiwa kutimiza saa 9,000, yaani takriban miaka 5 ya kazi, kabla hajastahili kufanya mtihani wa kuitwa fundi kamili. Aliyejifunza ughaibuni huweza kuomba maarifa yake yapimwe na kulinganishwa na ya wenyeji. Njia hiyo niliipita, na sitaisimulia, kwa kuwa ni njia ya barua na mihuri na haina utamu wowote. Nilijenga matofali katika baridi ambayo hulazimisha ukuta kufunikwa maturubali na kupashwa moto ili udongo wake usigande kabla ya kukaza, mpaka magoti yalipoanza kunidai haki yake, nikapata nafasi ya mwalimu msaidizi katika mafunzo ya awali, yale ya majuma machache wanayopewa watu ambao hawajapata kukanyaga mahali pa ujenzi, ili waweze kupokewa na fundi au kampuni na kuandikishwa uanagenzi. Walikuwamo vijana wa mjini, akina mama waliochoshwa na kazi za usafi, na wakimbizi wa mataifa mengi, na miongoni mwao hawakukosekana Wakongo na Warundi ambao Kiswahili chetu, kila mtu na lahaja yake, kilitukutanisha wakati wa chai.

Huko ndiko nilikokutana na miwani ya uhalisia pepe. Ililetwa katika masanduku meusi, pamoja na kijana mpole wa kuifafanua, naye akatueleza kwamba mtu akiivaa huacha kuona chumba alichomo na badala yake huona ulimwengu uliochorwa na kompyuta, na kwamba kila kichwa kinapogeuka picha nayo hugeuka, hata akili ikasadiki kwamba mwili uko mahali ambapo haupo. Nilikuwa na shaka nayo, na sehemu ya shaka ile ninayo hata leo. Walakini sikuwa mtu wa kukataa chombo kabla ya kukishika, na nilipovaa na kujikuta juu ya paa lisilo na ukingo, ingawa nilijua vyema kwamba nimesimama juu ya zulia, miguu yangu ilikataa kabisa kuniamini.

Baadaye nilipenda kujua asili ya kitu hiki, nikaona kwamba nasaba yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye jamaa yake ilikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, katika jimbo la New York, alitengeneza chombo cha kumfundishia rubani akiwa ardhini, chumba kidogo kilichoinamishwa na kugeuzwa kwa mivukuto kama ile ya kupulizia vinanda. Wenye viwanja vya starehe wakakinunua kiwe mchezo, na wenye ndege hawakukijali. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wasiozoea kuruka gizani na mawinguni wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, ndipo jeshi lilipokikumbuka chombo cha Link na kukinunua. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na mwanafunzi wake walionyesha kofia ya kwanza iliyomwezesha mvaaji kuona picha ya kompyuta ikigeuka pamoja na kichwa chake, nayo ilikuwa nzito hata ikabidi ifungwe kwenye mhimili wa kutoka darini, na yote iliyoweza kuchora ilikuwa mistari mitupu ya kitu kama sanduku. Kutoka hapo mpaka miwani ya Quest, iliyotoka mwaka 2019 kwa bei ya dola 399 na isiyohitaji waya wala kompyuta ya pembeni, ni nusu karne.

Katika habari hiyo, lililonikaa moyoni ni lile la barua. Chombo kilikuwapo, kilijulikana, kilichezewa katika maonyesho, na hakikuthaminiwa mpaka palipopatikana maiti. Ontario nayo ina hadithi yake ya namna hiyo, ambayo kila mwalimu wa kazi za ujenzi huko huisimulia. Tarehe 24 Desemba 2009, mkesha wa Krismasi, katika barabara ya Kipling Avenue mjini Toronto, jukwaa la kuning'inia lililotumika kutengeneza vibaraza vya jengo refu la makazi lilikatika likiwa ghorofa ya 13; wafanyakazi 4, wahamiaji kama sisi, wakaanguka na kufa, wa tano akaanguka na kunusurika na majeraha makubwa, na mmoja, aliyekuwa ameifunga kamba yake ya usalama kama inavyopasa, akabaki akielea hewani bila ya dhara. Msimamizi wa kazi ile alihukumiwa kifungo cha miaka 3 na nusu, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2015 sheria ya jimbo ikawalazimu wafanyakazi wa ujenzi wanaotumia vifaa vya kujikinga na kuanguka wapate kwanza mafunzo maalumu ya kazi za juu, nadharia kwa upande mmoja na vitendo kwa vifaa vyenyewe kwa upande wa pili. Miwani yetu haikuchukua nafasi ya mafunzo hayo, na sharti hilo nalisifu. Ilikuwa ni ya kumtayarisha mtu kabla hajayafikia.

Sasa nieleze zoezi lenyewe. Mwanagenzi husimama katikati ya chumba kitupu, miwani usoni na vishikio viwili mikononi, naye kwa macho yake yuko ghorofani juu ya jukwaa, upepo unavuma masikioni na magari madogo madogo yanapita chini. Huagizwa alipite jukwaa kabla ya kazi kuanza na kutaja kila kasoro anayoiona: uzio uliopungukiwa na bomba moja, ubao uliopasuka, ngazi iliyosimamishwa wima mno ilhali kanuni yataka mguu wake utoke ukutani kipimo 1 kwa kila vipimo 4 vya kupanda, kamba ya usalama iliyofungwa mahali pasipoweza kumbeba mtu, mzigo wa kreni unaopita juu ya vichwa. Na yote anayoyaona yeye, kwa wakati uleule, huonekana pia katika skrini iliyo mbele ya mwalimu.

Hiyo skrini, ambayo kijana wa masanduku aliitaja kwa kupitia tu, kama mtu atajaye rangi ya mlango, ndiyo iliyonishangaza kuliko miwani. Maana tangu wanadamu waanze kufundishana kazi za mikono, mwalimu hakupata kutazama kwa macho ya mwanafunzi wake. Mzee wangu alikuwa akinitazama shingo. Kwa mgeuko wa shingo alikisia jicho limekwenda wapi, na kwa jicho alikisia fikira, na ustadi huo wa kukisia ulimgharimu umri mzima. Mimi nimekaa kitini na kikombe cha chai, nami naona dhahiri mahali lilipokwenda jicho la mtu na mahali lilipokataa kwenda.

Na niliyoyaona yalinifundisha kazi yangu upya. Niliona kwamba mgeni wa kazi hutazama mikono yake na miguu yake, na kinachosogea, na kinachofanana na kitu alichokwisha kukijua nyumbani kwake. Vingine vyote hupita navyo kwa mwendo mmoja, jicho likiteleza juu ya uzio mzima kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kusita penye pengo, kisha hutamka kwa yakini kabisa kwamba uzio ameukagua. Hasemi uongo. Ameutazama kweli, isipokuwa hakuwa na suala kichwani wakati alipoutazama. Kutazama juu ndiko kulikokuwa adimu kupita yote: nilimwona kijana mwenye nguvu na hamu ya kazi akipita chini ya mzigo wa kreni, akarudi, akapita tena, na katika skrini yangu mbingu haikuonekana hata mara moja.

Alikuwapo binti mmoja wa Bukavu, aliyeniita Baba kwa desturi ya kwao, ambaye siku ya kwanza skrini yake ilionyesha kitu kimoja tu, nacho ni ukingo wa jukwaa na shimo lililo chini yake. «Baba, minaogopa,» alisema, na sikumwambia asiogope, kwa kuwa anayepanda pale bila ya hofu ndiye wa kuogopewa. Nilimwacha aketi sakafuni na miwani yake usoni, aangalie shimo lile mpaka limchoshe. Nikatambua pale kwamba hofu huyashika macho kabla ya kuishika miguu. Mtu aliyeogopa haoni chochote ila kile anachokiogopa, na jukwaani kinachomuua mtu kwa kawaida ni kitu kingine alichokipa kisogo. Kumpandisha mtu wa namna hiyo juu ya jukwaa la kweli siku yake ya kwanza, kama tulivyopandishwa sisi na karai kichwani, ni kumpandisha kipofu. Yule binti aliimaliza hofu yake mle chumbani, kwenye zulia, kwa muda alioutaka mwenyewe, na macho yake yakafunguka, akaona ubao uliopasuka ambao wenzake wawili majasiri waliomtangulia walikuwa wameukanyaga na kupita. Hatimaye hakuupenda ujenzi wa juu, akachagua umeme, na hivi leo anazihesabu zile saa 9,000 zake. Nalo hilo nalihesabu kuwa ni faida, maana ni heri mtu aijue tabia yake kabla hajaacha kibarua kinacholisha watoto.

Aibu nayo ina fungu lake. Mahali pa ujenzi mgeni wa nchi, ambaye Kiingereza chake ni cha kubabaisha, haulizi. Huitikia kwa kichwa, hucheka wanapocheka wenziwe, na huenda kufanya alilodhani ameambiwa. Kwa hiyo niliigeuza skrini ikabili ukuta, nionaye niwe mimi peke yangu, na katika faragha ile watu wazima waliuliza masuala ambayo mbele ya kadamnasi wasingaliyauliza kamwe: chombo hiki ni cha nini, yule mtu mwenye bendera anaashiria nini, na kwa nini waya ule haufai kuguswa.

Taabu za miwani zenyewe nazipitia haraka. Huwatapisha baadhi ya watu, kwa sababu jicho huambiwa kwamba mwili unakwenda, nalo sikio la ndani, lenye kuitunza mizani ya mwili, hushuhudia kwamba umesimama; mikanda yake haikukadiriwa kwa wanawake wenye misuko mikubwa wala wenye hijabu; na jasho la mtu mmoja sharti lipanguswe kabla ya kuvaa wa pili.

Upungufu ulio mzito ni wa uzito wenyewe. Mfuko wa saruji, ambao kwetu ni kilo 50 na Kanada ni kilo 40, ndani ya miwani hunyanyuliwa kwa kidole. Tofali lina joto au baridi yake, udongo una ulaini ambao kiganja huujua kabla ya jicho, mwiko ukigusa chokaa iliyokorogwa vyema hutoa sauti yake, na hakuna lolote katika hayo ambalo vishikio vile viwili vimepata kulisikia. Nimewasikia wafanyabiashara wakidai kwamba kwa miwani uanagenzi utafupishwa. Mtu anayesema hivyo hajapata kusawazisha safu ya matofali kwa pima maji huku vidole vimekufa ganzi. Mikono haina njia ya mkato, na atakayepunguza saa zake ataziona zikidaiwa na ukuta.

Tena ipo hatari ya mchezo. Kijana aliyeanguka kutoka ghorofani akajikuta mzima juu ya zulia aghalabu hucheka, na kicheko hicho kilinichoma. Nikaweka kanuni kwamba anayeanguka huvua miwani, huketi mezani, na huandika katika karatasi jina la mtu ambaye angepelekewa habari. Wengine waliliona jambo hili kali mno, na mkuu wa mafunzo akaniomba niliondoe. Tuliafikiana kwamba libaki kwa wale wanaocheka tu.

Tarehe 25 Desemba 2020 simu yangu ilijaa picha za Beit-al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake imeporomoka wakati mafundi wamo kazini, na watu 2 wamefariki. Haukupita muda mpwa wangu aliyeko Unguja, ambaye hufundisha vijana uashi, akanipigia kuniuliza, «Mjomba, hiyo miwani yenu yaweza kutufaa huku?» Nilimjibu kwamba hii tuliyo nayo haiwezi. Majukwaa yake ni ya chuma, kuta zake ni za zege, na kasoro zilizofichwa humo ni kasoro za Toronto. Kijana wa mitaa yetu ya Malindi au Shangani atakayefuzu humo atajua kuangalia uzio na ndoano ya kreni, na atasimama chini ya boriti iliyooza kichwa bila ya kujua kwamba hapo napo pana jambo.

Ila chombo chenyewe nakitaka. Nakitaka kiwe na kuta zetu, zilizopigwa picha pande zote kama zilivyo, pamoja na nyufa zake mpya na za kale, viraka vyake vya saruji na madoa yake ya maji, mwanagenzi aingizwe chumbani humo na mwalimu aone kwenye skrini yake kama jicho limepanda darini au limebaki mlangoni. Picha si kazi ngumu, wapo vijana Unguja wanaoziweza. Kazi ngumu ni kusema kila ufa una maana gani, na hiyo haiwezi kufanywa na mtengeneza programu wala na mimi niliyeondoka kabla ya kuhitimu mbele ya mzee wangu, ambaye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliosalia wa hirimu yake ni wachache, na wengine wao hawatoki tena nyumbani. Mpwa wangu alipendekeza waombwe waje kwa hisani, kwa kuwa ni jambo la nchi. Nilikataa. Watu hao wamelipwa kwa siku maisha yao yote, na siku ya kukaa kitini mbele ya kompyuta, ukimweleza kijana ni lipi alilolipita bila ya kuliona, ni siku ya kazi kama nyingine. Basi katika hesabu ya gharama aliyoniandikia, niliirudisha karatasi na kuongeza mstari wa ujira wa mafundi wazee, juu kabisa, kabla ya bei ya miwani.